Rush in Rio: kwa nini kelele za watu zimeifunika bendi?

Swali: Shikamoo kaka. Mi napiga drams kwenye bendi yetu hapa Arusha. Ndugu yangu karudi kutoka Canada kaniletea DVD ya Rush in Rio, shoo ya bendi ya Rush ya hukohuko Canada, anasema hao ndo wakali wenyewe wa roki ya progresivu, ile yenye midundo ya kuhesabu. Nimeiangalia yote. Wanapiga hatari, ila saundi mbona kama imeharibika? Watu wanapiga kelele mpaka mwimbaji anazama, mwanzoni ndo kabisa, alafu picha zinakatwakatwa hata sioni mpiga drams anafanya nini. Walirekodi vibaya au ni TV yangu? Na kuna wimbo hauna maneno hata moja lakini uwanja mzima unauimba, hapo ndo sijaelewa kabisa. Nauliza kwa sababu na sisi tunataka kurekodi shoo yetu mwisho wa mwaka.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. TV yako haina shida yoyote. Hayo unayoyasikia yapo kweli kwenye filamu, na watu wengi wa saundi wameyalalamikia tangu ilipotoka Oktoba 2003. Ila ukiniuliza mimi ambaye kazi yangu ni kukaa nyuma ya miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na kurekodi bendi zikiwa jukwaani, ntakwambia hivi: sehemu ya hayo ilitokana na mazingira ya siku yenyewe, na sehemu nyingine waliichagua wenyewe kwa makusudi, na kwenye huo uchaguzi mi niko upande wao. Kasoro picha. Kwenye picha siko nao, na ntakueleza kwa nini.

Tuanze na siku yenyewe. Ile shoo ilipigwa tarehe 23 Novemba 2002 kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, na ilikuwa ndo usiku wa mwisho wa ziara nzima ya albamu yao ya Vapor Trails, iliyoanza mwishoni mwa Juni kule Hartford, Marekani. Brazil walipiga shoo tatu tu ndani ya siku nne, Porto Alegre tarehe 20, São Paulo tarehe 22, na kesho yake tu Rio. Sasa fikiria, São Paulo walipiga uwanja wa Morumbi mbele ya watu kama 60,000 na mvua inanyesha, wakimaliza usiku huohuo vyombo vyote vishushwe, vikiwa vimeloa, vipakiwe kwenye malori, visafirishwe zaidi ya kilometa 400 mpaka Rio, vishushwe tena, vifungwe tena, na jioni watu wanaingia. Malori yalichelewa. Matokeo yake usiku wa kurekodi filamu, usiku ambao watu wa kamera na watu wa kurekodi sauti wote wako pale kwa kazi moja tu, bendi haikufanya saundcheki, yaani kujaribu vyombo na maiki kabla ya shoo. Kabisa. Walipanda jukwaani wakaanza.

Wewe ni mpiga drams kwa iyo saundcheki unaijua kama ile saa ya kuboreka ambapo unaambiwa piga kiki (ile ngoma kubwa ya mguuni), piga kiki, piga kiki, haya sasa sneya (ile ndogo ya mbele yako). Kwa mtu anayerekodi ile saa ndo uhai wake. Kila maiki inaingia kwenye mashine kupitia kitufe kimoja cha kupima nguvu ya sauti inayoingia, na hicho kitufe ukikiweka juu sana sauti inapasuka, na ikishapasuka hakuna fundi duniani wa kuirudisha kama ilivyokuwa, ukikiweka chini sana unakuja kuipandisha baadaye na inapanda na mchakacho wake wote. Saundcheki ndo inakwambia kila mtu anapiga kwa nguvu kiasi gani akiwa serious. Bila hiyo fundi anakisia, na fundi mwenye akili anakisia kwa chini, anaacha nafasi, alafu anarekebisha wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu huku shoo inaendelea. Ndo maana umesema mwanzoni ndo kabisa. Sikio lako liko sawa. Wimbo wa kwanza ni Tom Sawyer, sikiliza besi na sauti ya Geddy Lee, mwimbaji na mpiga besi wao, pale, alafu ruka mpaka Natural Science mwisho wa nusu ya kwanza, utadhani ni vyombo vingine. Ukweli ni vilevile, ila mafundi walishapata njia yao.

Alafu kuna uwanja wenyewe. Rush miaka yote wamezoea kumbi za ndani za michezo Marekani na Canada, watu elfu kumi, kumi na tano, kuna paa, kuna kuta, unajua sauti inarudi kutoka wapi. Maracanã ni uwanja wa mpira uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1950, uleule ambao Brazil walifungwa na Uruguay 2-1 nchi nzima ikalia. Usiku ule wa Rush waliingia watu kama 40,000. Wote wanaimba. Sasa chukua hesabu ndogo hapa maana ndo kiini cha saundi unayoilalamikia. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 100 kutoka kwenye spika anausikia mdundo ukiwa umechelewa karibu sekunde 0.3, na yeye anaimba kwa kufuata alichokisikia, na sauti yake nayo ikirudi mpaka kwenye maiki ya jukwaani inachelewa tena 0.3 nyingine. Jumla inakuwa 0.6. Wimbo wenye kasi ya mapigo 140 kwa dakika pigo moja ni sekunde 0.43, kwa maana hiyo yule shabiki wa nyuma anayeimba kwa moyo wake wote anakuja kwenye rekodi akiwa nyuma kwa pigo zima na zaidi, wa katikati yuko nyuma kwa zaidi ya nusu pigo, wa mbele yuko sawa. Waweke pamoja elfu arobaini. Ndo unapata lile wingu linalotanda juu ya sneya na matoazi. Kwenye kompyuta unaweza ukazichukua maiki za watazamaji ukazivuta mbele kidogo zikakaribiana na bendi, na inasaidia, ila unavuta maiki nzima, huwezi kumvuta kila mtu kivyake.

Utasema basi si wangezizima tu hizo maiki za watazamaji. Hazizimiki zote! Maiki ya mwimbaji iko wazi, imeelekea mdomoni kwake lakini inasikia kila kitu, na Geddy anaimba akiwa na maiki yake huku watu wako mbele yake wanaunguruma, halafu kwenye miksi sauti ya mwimbaji huwa inabanwa ili maneno ya chinichini yasikike sawa na ya kelele, na ukiibana namna hiyo kila anapopumua kelele za uwanja zinapanda kupitia maiki yake yeye mwenyewe. Ukikata hapo unamkata na yeye. Kwa iyo wale watu 40,000 wako ndani ya kila kitu, wako kwenye maiki ya sauti, wako kwenye maiki za juu ya drams, huwatoi.

Hayo ndo mazingira. Sasa njoo kwenye uchaguzi wao.

Waliosimamia sauti ya kazi hii ni Alex Lifeson mwenyewe, yule mpiga gitaa, pamoja na fundi James "Jimbo" Barton. Wangeweza kuipunguza ile kelele zaidi ya walivyofanya, si kuiondoa lakini kuipunguza. Nina ushahidi wa kukuonyesha na unaweza kuusikia mwenyewe. Toleo la CD la Rush in Rio lina diski tatu, na mwisho wa diski ya tatu kuna nyimbo mbili hazikurekodiwa Rio, ni Between Sun and Moon iliyopigwa Phoenix tarehe 27 Septemba 2002 na Vital Signs iliyopigwa Quebec tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo. Zile mbili zimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye miksa, sauti kavu, watu wapo kwa mbali sana. Bendi ileile, ziara ileile, miezi ileile. Zitafute uzisikilize leo usiku kwa hedifoni. Kila noti ya besi unaiona. Utafurahi kama dakika tano hivi, alafu rudi Rio uweke Closer to the Heart, ule mstari wa kwanza uwanja unavyoupokea, uniambie ni ipi ungependa kuwepo.

Hapo ndo jibu langu lilipo. Hii filamu haikutengenezwa kuonyesha watu watatu wanavyojua kupiga vyombo. Za namna hiyo zipo na ni nzuri, ukitaka kusikia Rush safi kabisa tafuta R30, waliirekodi Frankfurt tarehe 24 Septemba 2004, ukumbi wa ndani, kila kitu kiko mahali pake, au Time Machine ya Cleveland ya Aprili 2011. Ile ya Rio inaonyesha watu wawili wanaokutana, bendi na Brazil, na mmoja wao ukimshusha sauti umeua filamu.

Manake elewa historia yenyewe. Bendi ilianza Toronto 1968. Neil Peart akaingia 1974, wiki chache kabla ya ziara yao ya kwanza ya Marekani, na tangu hapo ni hao watatu tu, Geddy besi na kinanda na kuimba, Alex gitaa, Neil drams na kuandika mashairi. Miaka 28 ya hao watatu pamoja na walikuwa hawajawahi kukanyaga jukwaa lolote Amerika ya Kusini. Hata mara moja. Wenyewe hawakujua kama wana watu kule. Kumbe kule Brazil televisheni ya Globo ilipokuwa inaonyesha ile tamthilia ya MacGyver iliitumia Tom Sawyer kama muziki wa kufungulia, kwa iyo watoto wa Brazil wamekua na ile sauti ya sintesaiza nzito inayofungua wimbo, wiki baada ya wiki, kuna ambao hata jina la bendi walikuja kulijua baadaye sana. Sasa wamekua wakubwa, wana kazi, wamenunua tiketi, taa zinazimwa, na noti ya kwanza ya shoo ndo hiyohiyo. Ungenyamaza wewe?

Na upande wa pili, upande wa bendi, kuna jambo zito zaidi. Agosti 1997 binti pekee wa Neil wakati huo, Selena, alikufa kwenye ajali ya gari. Miezi kumi baadaye, Juni 1998, mke wake Jackie akafa kwa kansa. Neil akawaambia wenzake wamhesabu kama amestaafu, akapanda pikipiki akaondoka, akazunguka Canada, Marekani, Mexico mpaka Belize, karibu kilometa 88,000, baadaye akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Wenzake hawakumsukuma, hawakutafuta mpiga drams mwingine, walikaa wakasubiri bila kujua kama bendi ipo au haipo. Akarudi mwaka 2001 wakaanza kurekodi Vapor Trails iliyotoka Mei 2002, na alikuwa ameacha kupiga muda mrefu kiasi kwamba ilibidi aanze upya kujijengea mikono. Wimbo wa kwanza wa albamu, One Little Victory, unaanza na drams peke yake, kiki mbili zinakimbia kama mtu anagonga mlango. Kwenye filamu ndo unaofungua nusu ya pili, na nyuma yao kwenye skrini kuna joka linatema moto na moto wa kweli unalipuka jukwaani. Baada yake kidogo wanapiga Ghost Rider, wimbo wa ile safari ya pikipiki. Ukijua hayo ukamtazama Neil anavyoupiga, uso umekaza, haangalii mtu, utaelewa kwa nini wale mashabiki wanapiga kelele vile. Miaka minne kabla yake hawakutegemea kumwona tena yeyote akiwa amekaa kwenye kile kiti.

Sasa YYZ. Umeuliza watu wanaimbaje wimbo hauna maneno. Wanaimba gitaa! Wanaimba ile melodi, wamekumbatiana wanarukaruka elfu arobaini wanaimba noti za gitaa na besi kama wanavyoimba kwenye mpira, na Neil mwenyewe kwenye maandishi yaliyokuja na albamu alilitaja hilo kama kitu cha kushangaza, watu kuimba wimbo wa vyombo vitupu. Mi naona ndo dakika tano bora kuliko zote kwenye filamu nzima. Na huo wimbo sio rahisi kuuimba, wewe kama mpiga drams utapenda hii: YYZ ni herufi za utambulisho za uwanja wa ndege wa Toronto, nyumbani kwao, zile zinazobandikwa kwenye mizigo, na mdundo wa mwanzo ni hizo herufi tatu zikipigwa kwa alama za Morse, zile za telegrafu. Y ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Z ni ndefu, ndefu, fupi, fupi. Ndefu ihesabu mbili, fupi ihesabu moja, utapata saba, tena saba, alafu sita, jumla ishirini, ambayo ni mapigo matano ya kawaida, sio manne. Kaa na fimbo zako upige mezani taratibu utaushika ndani ya nusu saa, usiukimbilie kasi yake. Na wale watu wa Rio wanarukia mdundo wa tano bila hata kujua kama ni wa tano. Ukisikia mtu anasema muziki wa progresivu ni wa watu wa kukaa chini na kuhesabu, mwonyeshe hiyo sehemu.

Kitu kingine ambacho watu hawakitaji ukija kwenye saundi. Albamu ya Vapor Trails yenyewe ilitoka imebanwa mno, ilikuwa ni ule wakati kila studio inashindana nani CD yake ina sauti kubwa zaidi, wakaipandisha mpaka kilele cha mawimbi kikakatika, drams zimesagika kabisa, na bendi yenyewe haikuridhika nayo ndo maana mwaka 2013 ikatolewa upya baada ya David Bottrill kuimiksi tena yote. Kwa miaka kumi na moja katikati, mahali pazuri pa kusikia nyimbo zake kama Earthshine na Secret Touch zikipumua ilikuwa ni hii filamu unayosema imeharibika. Pamoja na kelele zake zote. Secret Touch hasa, pale katikati wanapoachia besi na gitaa zinagombana, mi naiweka ya Rio juu ya ile ya studio bila kufikiria mara mbili.

Haya, picha. Hapa nakubaliana na wewe moja kwa moja. Mwongozaji Daniel Catullo alikuwa na kamera nyingi, zingine juu ya kreni, zingine kwa watu, na kuna picha ambazo ni za ajabu, ile ya kutoka juu ikionyesha bahari ya mikono hakuna ukumbi wa ndani ungekupa. Ila wakati wa kuunganisha wakakata, wakakata, wakakata. Sekunde mbili gitaa, sekunde moja na nusu mashabiki, sekunde moja drams, kreni, uso, mashabiki tena. Muziki wa namna hii haukubali hivyo. Freewill beti zake ziko kwenye hesabu ya kumi na tatu, katikati ya Tom Sawyer wanaingia saba, na mtazamaji anataka kuona mikono inavyolivuka lile duara la mdundo mpaka likamilike, ukimkatia njiani unamnyima kitu alichokuja kukitafuta. Kelele za mashabiki zinaongeza kitu, mkato wa picha kila sekunde mbili hauongezi, unaficha tu. Na inaniuma kwa sababu picha zenyewe walikuwa nazo, walizirekodi, ziko humo.

Na hii nina uhakika nayo kwa sababu baadhi wamekupa. Chukua hiyo DVD yako weka diski ya pili. Kuna nyimbo tatu, YYZ, La Villa Strangiato na ile solo ya drams, unaweza kuchagua kamera mwenyewe kwa kitufe cha engo kwenye rimoti. Kama rimoti yako haina hicho kitufe tafuta kwenye menyu ya deki, au iweke kwenye kompyuta. Kwenye YYZ mchague Neil umwache hapohapo mpaka mwisho, usibadilishe. Utajifunza zaidi kuliko kuangalia filamu nzima mara kumi. Kwenye diski hiyohiyo kuna filamu fupi ya nyuma ya pazia, The Boys in Brazil, ya mpiga picha wao Andrew MacNaughtan, iangalie kabla hujarudia shoo, utawaona wenyewe wanavyoshangaa mapokezi.

Ile solo inaitwa O Baterista, karibu dakika tisa, na hapo hata kwenye filamu kuu wamemtulia kidogo. Angalia jinsi alivyoipanga. Haanzi na fujo. Anaanza na kitu kidogo anakizungusha, miguu inashika mdundo mmoja haubadiliki huku mikono juu inacheza vingine, baadaye jukwaa lake linageuka analetewa seti ya nyuma ya umeme, kuna marimba za umeme pale pembeni, anapiga sauti ambazo si drams kabisa, na mwisho anaingia kwenye swing, ile jazi ya kuchezea ya bendi kubwa za zamani, One O'Clock Jump ya kina Count Basie, tarumbeta zinalia kutoka kwenye mashine na yeye anaziendesha. Yaani anakupitisha kwenye historia ya chombo. Huyu mtu katikati ya miaka ya 1990, dunia ikiwa imeshamwita bingwa muda mrefu, alienda kuanza masomo upya kwa mwalimu mzee wa jazi Freddie Gruber, akabadilisha mpaka namna ya kukaa. Neil amefariki tarehe 7 Januari 2020 kwa kansa ya ubongo, akiwa na miaka 67. Solo zake zimerekodiwa nyingi ila hii ina kitu cha ziada, ni ya mtu aliyekuwa ameviacha vile vyombo na hakuwa na mpango wa kuvirudia.

Umeona pia zile mashine za kukaushia nguo nyuma ya Geddy? Nadhani umejiuliza. Upande wa Alex kuna ukuta wa maspika ya gitaa, upande wa Geddy hakuna kitu kwa sababu besi yake siku hizo ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye miksa bila spika jukwaani, kwa iyo akajaza nafasi na mashine tatu za kukaushia, zinazunguka na fulana ndani, na fundi anakuja katikati ya shoo kuziwekea sarafu. Ni mzaha wao wa miaka, kama vile Alex anavyokatiza La Villa Strangiato na kuanza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu huku wenzake wanapiga. Ila kifundi chukua somo la ile besi. Kila spika unayoiondoa jukwaani ni kelele moja imepungua kwenye maiki zako za drams.

Ambayo inanileta kwenye shoo yenu. Nimeshasema mazingira na uchaguzi ni vitu viwili, nyie mazingira yenu mnaweza kuyapanga mapema. Msirekodi siku mnayosafiri. Kama mna shoo Moshi Ijumaa na Arusha Jumamosi, rekodini nyingine. Hakikisheni saundcheki ipo na wote mpige kwa nguvu ileile ya usiku, wewe hasa, maana wapiga drams mchana mnapiga kwa upole usiku mnapasua. Besi iingie moja kwa moja kwenye miksa. Kila chombo kiwe na trak yake, yaani kirekodiwe peke yake, hata miksa za bei ya kati siku hizi zinatoa trak kumi na sita kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB, usikubali mtu akurekodie trak mbili tu akasema inatosha.

Watazamaji warekodini pia. Wengi wetu huku tunasahau, unapewa rekodi ya dansi au ya kwaya imekauka kama imepigwa stoo, watu walikuwa wanacheza na kushangilia na hawapo. Maiki mbili zinatosha, wekeni pembeni mwa jukwaa kushoto na kulia, juu ya vichwa, zikiangalia watu na kuyapa maspika mgongo, kila moja na trak yake, ili mkikaa kumiksi muamue wenyewe wapi watu wapande na wapi washuke. Kati ya nyimbo wapandisheni. Kwenye kiitikio ambacho ukumbi wote unaimba wapandisheni zaidi, hata kama sneya itazama kidogo, iache izame. Kwenye solo yako washusheni.

Kamera, kama mnazo tatu, moja ikae juu ya mabega yako wewe ikiangalia mikono na miguu, na mwambieni anayeunganisha picha asiikate mpaka mzunguko wa mdundo uishe. Mwandikieni kabisa kwenye karatasi, wimbo gani unahesabiwa ngapi, kwa sababu yeye hatajua.